Daraja Lenye Mwenyewe

Katika njia itokayo Eldoret kwenda Kitale, karibu na mto Nzoia, pana mji uitwao Moi's Bridge. Zamani za walowezi mji huo uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Cecil Hoey aliyejenga daraja la kuvukia mto huo. Jina limebadilika, lakini fundisho la daraja limebaki: avukaye daraja la mtu huvuka kwa hisani, na hisani haina hati.

Msomaji, huenda wewe pia unavuka daraja la namna hii kila siku, ingawa huuoni mto. Ujumbe umpelekeao rafiki yako aliyeko Bungoma hupita katika WhatsApp, iliyonunuliwa na kampuni ya Facebook mwaka 2014, kampuni ambayo sasa huitwa Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitambo ya kampuni hiyo iliharibika, na Facebook, WhatsApp na Instagram zikazimika pamoja kwa muda wa saa sita hivi. Watu wa mabara yote wakasimama ukingoni wakimngoja mwenye daraja.

Wako watu wanaoupinga utegemezi huu. Husema kuwa programu ya kompyuta yapasa kuwa huru: kila mtu awe na ruhusa ya kuitumia apendavyo, kuichunguza, kuibadili na kuwagawia wenzake. Richard Stallman alitangaza kazi hiyo Marekani mwaka 1983, na matunda yake yamefika kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Watafsiri hawakumpigia magoti mwenye mali, maana ruhusa ilikuwamo ndani ya mali yenyewe.

Je, watetezi wa uhuru huo wafanya vema kuuhubiri ndani ya Facebook na X?

Wako wajibuo kuwa mwuza mahindi hupeleka gunia sokoni. Hakai nalo shambani akilalamika kuwa wanunuzi hawaji. Hoja hii ina nguvu, wala siibezi. Lakini tazama soko lenyewe. Katika soko la Moi's Bridge mpita njia husikia sauti ya mwuzaji bila kuandikisha jina. Katika soko la kampuni, mwenye soko huamua nani asikie na nani asisikie, tena hupata faida kwa kuwachungulia waingiao na kuwauzia wenye matangazo nafasi mbele ya macho yao. Mhubiri asemaye, "Nifuateni huku," humnenepesha yule yule anayemlaumu.

Rai yangu ni hii: aende, lakini asihamie. Neno lake aliweke kwanza mahali pake mwenyewe, linaposomwa na kila mtu bila akaunti. Kisha apeleke sokoni tangazo tu, liwaonyeshe watu njia ya kutokea. Njia zipo. Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, ni programu huru. Shule yenye mtambo na fundi yaweza kuwa na kituo chake kinachozungumza na vituo vya wengine. Asemaye kuwa kazi hiyo ni ngumu asema kweli. Lakini ni uhuru gani uliopatikana bila jasho?

Astahiliye lawama ni yule afungiaye mafundisho yote ndani ya kundi la WhatsApp. Tuseme chama cha kompyuta cha shule yako chafanya hivyo. Mwanafunzi asiye na simu, au ambaye mzazi wake amekataa kutoa namba, amefungiwa nje ya somo la uhuru na walimu wa uhuru wenyewe. Hapo hoja ya soko haina nguvu tena, kwa kuwa mnunuzi amekuja naye amefukuzwa.

Basi, kijana, siku mtakapounda chama chenu, ulizeni kwanza: asiye na akaunti ataingilia wapi? Kama hapana mlango, msiuite uhuru.