Ng'ombe, Mgodi na Mvua: Madai Matano Kuhusu Mto Mara

Machi 2022, maji ya Mto Mara upande wa daraja la Kirumi yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jibu lake: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni majini. Wengi waliguna, macho yakageukia Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tangu hapo kila mtu ana mkosaji wake mmoja. Tuyapime madai hayo, moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Ng'ombe wamekunywa mto huu tangu enzi za mababu. Mavi hayaui samaki."

Mavi si sumu, ila vijidudu vinavyoyaozesha huvuta oksijeni ileile wanayoitegemea samaki. Ushahidi uko sehemu ya juu ya mto huohuo, Maasai Mara, ambako maji hayajafika Nyamongo. Viboko zaidi ya 4,000 huacha majini kama kilo 8,500 za majani yaliyosagwa nusunusu kila siku. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mvua kubwa ikisomba uchafu wa vidimbwi vyao, oksijeni huporomoka huko chini. Katika miaka 5 watafiti hao walishuhudia samaki wakifa mara 9. Kamati, basi, haikubuni kitu. Wanachokosea wenye dai hili ni kumhesabu ng'ombe bila kuhesabu ukame: kinyesi hurundikana miezi mingi, kisha mvua hukisomba chote kwa siku moja.

Dai la pili: "Ni sumu ya mgodi tu."

Maji ya Nyamongo huingia Mara kupitia Mto Tigithe. Sumu kali, kama sayanidi, ingetoka huko, vifo vingeanza karibu na inapoingilia, na vingepungua kadiri maji yanavyosafiri na sumu kuchujuka. Kilio cha 2022 kilisikika mbali zaidi, Kirumi, kwenye mafunjo, karibu na Ziwa Victoria.

Ipo pia dalili ambayo mvuvi huiona kwa macho. Oksijeni ikipungua, sato huja juu na kuachama, mdomo ukigusa uso wa maji. Kamongo hana haja ya kufa: hupanda, humeza hewa, hurudi matopeni. Kambare naye huweza kuvuta hewa ya juu. Wakifa sato na ningu huku kamongo akidunda, shuku pumzi. Wakifa wote kwa pamoja, uliza habari za sumu. Hiki si kipimo cha maabara, lakini ni swali la kwanza la kuuliza.

Dai la tatu: "Kamati imesema ni ng'ombe, basi mgodi umesafishika."

Hapa ndipo upande wa pili nao unapoteleza. Aliyeonekana hana hatia ya Machi 2022 hajasamehewa miaka mingine. Mwaka 2009 wakazi wa kando ya Tigithe walilalamikia maji yaliyochafuka. Mwaka 2019 baraza la taifa la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa lake la topesumu. Tena madhara ya migodi mengi hayana haraka. Mwamba wenye salfa ukifukuliwa na kukutana na hewa na mvua hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha metali. Wachimbaji wadogo nao hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Vitu hivi havielezi vifo vya samaki vya usiku mmoja. Hutulia kwenye tope, kwa hiyo chupa ya maji iliyochotwa siku ya msiba haiwezi kuvitolea hukumu.

Dai la nne: "Mafunjo ni chujio, yanasafisha yote."

Yanachuja kweli: hupunguza kasi ya maji, tope likatua. Lakini chujio halifuti uchafu, linautunza. Na kwenye tope lisilo na oksijeni, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina inayopanda kutoka kwa mdudu hadi samaki, na kutoka kwa samaki hadi sahani. Kwa hiyo kinyesi cha ng'ombe na zebaki ya wachimbaji si kesi mbili zinazoshindana. Zinakutana humo humo ndani ya mafunjo.

Dai la tano: "Ni mabadiliko ya tabianchi, hatuna la kufanya."

Hali ya hewa inahusika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka kidogo rekodi yake ya 1964, na ziwa likijaa, maji ya mto hukosa pa kwenda, yakasimama kwenye matindiga na kuozesha mimea. Ukame mrefu unaofuatwa na mvua za kishindo ndio mchezo uleule wa viboko, kwa kipimo kikubwa zaidi. Ila mvua husomba kilichopo. Mabirika ya kunyweshea mifugo mbali na mafunjo hupunguza kinachosombwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Haihitaji mkutano wa kimataifa ili itekelezwe.

Karibu na Nyamongo, kwenye kituo cha Mara Mine, wingi wa maji umepimwa kwa miongo kadhaa. Pima pia oksijeni, pima tope la Tigithe na nyama ya kamongo, wakati wa kiangazi na wa masika, kisha matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kabla samaki hawajaelea. Siku watakapoelea tena, mfugaji, mgodi na mvuvi watakuwa wanasoma karatasi moja.