Ubani hautibu pumu

Mafuta ya mkaratusi, lavenda, karafuu, udi, ubani: hapa Mombasa, kutoka Likoni hadi Kisauni na Changamwe, siku hizi harufu inauzwa kwa maneno ya hospitali. Muuzaji hatosheki kusema kitu chake kinanukia. Husema sayansi imethibitisha kwamba kinatibu. Mimi napenda udi, na chetezo ni sehemu ya heshima ya nyumba zetu. Lakini madai haya yanamfikia mgonjwa, kwa hiyo yajibiwe.

Dai linaloniuma zaidi ni kwamba ubani husafisha hewa na kumfungua kifua mwenye pumu. Moshi wa ubani ni moshi. Una chembe laini kama za makaa na kuni, nazo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Huko Oman, kwenye asili ya ubani, utafiti wa watoto wa shule uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kufukiza nyumbani huwachochea watoto wenye pumu kubanwa na kifua. Haukuonyesha kwamba ubani huleta pumu kwa asiyekuwa nayo, na ni haki kulisema hilo pia. Sasa mfikirie mtoto wa Changamwe anayelala chumba kimoja na wazazi wake, nje malori ya bandarini yakipita usiku kucha. Ukifunga dirisha ukamfukiza, umemzidishia kile kile kinachomdhuru. Apewe pampu yake aliyoandikiwa na daktari, na asipopata nafuu apelekwe hospitali ya Port Reitz usiku huo huo, isingojewe asubuhi.

Husemwa pia kwamba wanasayansi walikuta ubani hutuliza wasiwasi. Utafiti huo wa 2008 upo, ila ulifanyiwa panya, tena kwa kudungwa kiini kimoja kilichotolewa kwenye ubani. Hautuambii lolote kuhusu mtu aliyekaa karibu na chetezo.

Kujifukiza kwa mvuke je? Mwaka 2020 Rais Magufuli wa Tanzania alikusifu hadharani kama kinga ya korona, na sifa hizo zilivuka mpaka wa Lunga Lunga zikatufikia. Virusi hujificha ndani ya seli za mwili. Joto la kuviua huko lingekuunguza wewe kwanza. Hata kwa mafua ya kawaida, mapitio ya Cochrane ya 2017 hayakupata ushahidi kwamba hewa ya moto yenye mvuke husaidia. Kinachojulikana vyema ni watoto kuungua sufuria inapopinduka chini ya shuka.

Lavenda ni ngumu zaidi kupima, kwa sababu harufu haifichiki: anayeinusa anajua amepewa nini, na matumaini nayo hufanya kazi yake. Watafiti wa Ohio, Marekani, waliijaribu 2008 pamoja na limau kwa watu 56 wazima wa afya. Harufu ya limau iliwachangamsha, hata wale ambao hawakuambiwa watarajie nini. Lavenda haikufanya hivyo, na hakuna kati ya hizo mbili iliyopunguza maumivu wala kuharakisha ngozi kupona.

Kuna yanayosimama. Utafiti wa Kuwait wa 2006 ulikuta karafuu iliyopakwa kwenye ufizi hutia ganzi karibu sawa na dawa ya daktari wa meno. Magharibi mwa Kenya, majani ya mrehani yalipojaribiwa kwenye vibanda yalifukuza mbu, ingawa chandarua bado kinahitajika. Lakini karafuu hufanya kazi kwa kugusa, na mrehani humfukuza mbu. Hakuna aliyepona kwa kunusa.

Mwisho, dai kwamba vitu vya asili havidhuru. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa na mtoto, hata kiasi kidogo, yaweza kumletea degedege. Ya karafuu huharibu ini. Chupa iwekwe juu, mbali na mkono wake. Akishameza, usimtapishe: mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uende nayo.