Rangi Mbili za Sebule Moja

Sebule ya mume na mke wa mtaani kwetu imekaa wiki tatu na lipu tupu kwa sababu ya kadi mbili za duka la rangi. Zote mbili ni kijani kilichofifia, chenye samawati ndani yake na kijivu kidogo. Mgeni angedhani ni rangi moja. Mume anataka hii, mke anataka ile. Fundi amekwenda kutafuta kazi kwingine, na maneno yaliyoanza kwa ukuta sasa yamefika kwenye swali la nani husikilizwa nyumbani.

Ndugu msomaji, kadi ile ni shahidi dhaifu. Huonwa chini ya taa nyeupe za dukani, nayo ni ndogo kama kiganja, ilhali kuta nne hurudishiana mwanga hata rangi ikaonekana nzito kuliko ilivyokuwa mkononi. Yafaa kununua kopo dogo la kila rangi, kupaka mikono miwili kwenye vipande viwili vya hadibodi vyenye ukubwa wa mkeka wa kuswalia, na kungoja vikauke kabisa, maana rangi mbichi si rangi kavu. Kisha viegemezwe ukuta wa kwanza, wa pili, na ule wa kando ya dirisha, vikatazamwe asubuhi, Adhuhuri, Alasiri, na baada ya Isha taa ikiwa imewashwa.

Hapo ndipo mengi hufichuka. Taa yenye mwanga wa manjano, ya kelvini 3000 hivi, huivuta rangi ya namna hii upande wa kijani; taa nyeupe ya kelvini 6500 huivuta upande wa samawati. Mwembe ulio mbele ya dirisha huingiza ukijani ndani, na ua wa udongo mwekundu huififisha rangi hiyo hiyo. Zipo rangi mbili zinazolingana mchana na kuachana usiku.

Sasa mtazame mume arudiye kazini baada ya Magharibi, na mke ashindaye humo tangu asubuhi. Yamkini kila mmoja anasema kweli ya saa yake! Wazitazame pamoja, mchana mmoja na usiku mmoja, kabla ya kutuhumiana ukaidi. Wakisha kuona na bado wamegawanyika, mimi nampa neno la mwisho yule anayekaa chumbani humo saa nyingi zaidi, awe mke, awe mume, au awe mama mkwe.

Hesabu nayo isisahaulike. Chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita 48 za mraba za ukuta. Ukitoa mlango na madirisha zabaki kama 42, na kwa mikono miwili ni 84. Lita moja ikifunika mita 10, zahitajika lita 8 na nusu. Inunuliwe yote kwa siku moja na makopo yachanganywe katika ndoo moja, kwa kuwa michanganyiko ya siku mbili haikosi kutofautiana kidogo. Nusu lita ibakizwe kwenye kopo lililofungwa vizuri, na namba ya rangi iandikwe juu ya kifuniko, kwani watoto wenye mikono ya mafuta ya maandazi hawachelewi.