Ukakasi wa Bibo na Moto wa Ganda la Korosho

Aliyekulia pwani ya kusini haelezwi ukakasi wa bibo. Unaling'ata kwa pupa, maji yake matamu yanatiririka hadi kwenye kiwiko, kisha ghafla ulimi unakuwa mzito kama uliopakwa chokaa. Na shati likidondokewa, mama atalisugua hadi achoke. Doa lile halitoki.

Nilikuwa Kwale msimu uliopita wa korosho, kaskazi ikivuma. Pale Ukunda nilikutana na rafiki niliyesoma naye, ambaye siku hizi ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Akanichekesha kwa habari za wageni wanaolipa pesa nyingi kwa chupa ya mvinyo mwekundu, huku wakisifu jinsi unavyokausha kinywa.

"Siku niliyoonja," akaniambia, "nilijiuliza, ndugu yangu, hili si bibo tu?"

Nilidhani ni mzaha. Kumbe rafiki yangu, aliyekuwa akisinzia katika kila somo la kemia, alikuwa amesema kweli tupu.

Kinachokaza ulimi katika bibo na katika mvinyo mwekundu ni vitu vya jamii moja, viitwavyo tanini. Mate yetu yana protini zinazolainisha kinywa. Tanini huzishika protini hizo na kuzikusanya pamoja, ule utelezi ukatoweka, nasi tukasema tumepata ukakasi. Zabibu huzificha tanini zake katika maganda na kokwa. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda hayo, ilhali kwa mvinyo mweupe maji hukamuliwa na maganda yakatengwa mapema. Ndiyo sababu mweupe haukazi ulimi sana.

Tanini nazo ni tawi la ukoo mkubwa wa fenoli. Mwanafunzi wa sekondari akumbuke picha hii: pete ya atomu sita za kaboni, na pembeni yake atomu ya oksijeni iliyoshikana na ya haidrojeni. Mimea huunda fenoli za kila namna, nyingi zikiwa silaha dhidi ya wadudu na wanyama waharibifu.

Silaha hiyo niliiona kwa macho yangu siku hiyo hiyo. Nilipofika Msambweni kwa shangazi, nilikuta mjukuu wake wa miaka saba amevimba midomo, analia. Alikuwa ameokota korosho mbichi chini ya mti na kujaribu kuipasua kwa meno.

Ganda la korosho lina mafuta meusi mazito, na humo mna asidi ya anakadiki, fenoli yenye mkia mrefu wa kaboni. Mkia huo huisaidia kupenya ngozi, na ngozi ikaungua na kutoka malengelenge. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na mtoto aliyewahi kuunguzwa mdomo na utomvu wa embe bichi anaijua sehemu ya kisa hiki. Mti una akili zake: tunda unawaachia popo na tumbili walile na kulibeba, lakini mbegu umeifungia ndani ya moto.

Kijana tulimwosha kwa maji mengi na sabuni, tukamkataza kujisugua. Uvimbe ukizidi au ukifika machoni, safari ni ya hospitali, si ya duka la dawa. Wanaobangua korosho hujipaka mafuta au majivu mikononi kwanza, na wanaokaanga hukaa upande usioelekea moshi, kwani moshi huo nao huwasha, na maganda hulipuka moto ghafla. Ajabu ni kwamba mafuta hayo hayo viwandani hutengenezewa breki za magari na vanishi. Yakipata joto kali, ile asidi hugeuka kuwa kadanoli, ambayo ukali wake ni mdogo.

Jioni shangazi alinionyesha kilichokuwa kikimuuma zaidi. Chini ya mikorosho yake, miti iliyoletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, mabibo yalikuwa yametapakaa yakioza, nzi wamejaa. Mnunuzi hutaka korosho peke yake.

"Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Hili tunda lote ni la kutupwa?"

Wengine hulifanya uraka, lakini shangazi ni mtu wa swala tano, hilo halikuzungumzwa. Wala mtu asiukimbilie ulevi kwa kuwa amesikia kwamba fenoli za mvinyo hutibu moyo. Sifa hizo zilivuma sana miaka ya 1990, lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Fenoli zimo pia katika zabibu yenyewe, katika chai na katika bibo. Ila chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, hasa na mama mjamzito: tanini zake huyanasa madini ya chuma ya kwenye mboga na maharagwe, na damu ndiyo inayopungukiwa.

Bibo lina vitamini C kuliko chungwa, mara kadhaa. Kazi ni kuuondoa ukakasi. Huko Bordeaux, Ufaransa, watengenezaji wa mvinyo tangu zamani hutia ute wa mayai ili tanini ziunasie na kuzama. Kwa maji ya mabibo, Wahindi hutumia uji mwepesi wa mchele. Unakamua, unachuja, unamimina uji uliopoa, unakoroga na kuacha yatulie. Machicha huzama chini, maji yaliyotakata hukaa juu. Kisha huchemshwa kidogo yasichache upesi.

Shangazi hakungoja kesho. Alibandika sufuria usiku ule ule, na asubuhi tukayakuta maji yametakata, rangi ya asali. Ukakasi ulikuwa umebaki kidogo sana. Gilasi ya kwanza alipewa mgonjwa wetu, akainywa kwa mrija, midomo ikiwa bado imevimba, kisha akauliza kama imebaki nyingine.