Data za Uhuru bado zinafanya kazi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutengewa kazi ya kupima eksirei kutoka angani, na vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi.

Ilinyamaza Machi 1973. Data zake hazikunyamaza: orodha yake ya nne, iliyochapishwa 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei, na wanaastronomia wa leo bado huandika majina yaliyotoka humo, kama 4U 1820-30. Orodha hiyo imo katika hazina ya NASA, wazi hata kwa mwanafunzi wa Olenguruone mwenye simu na bando.

Tarakimu tupu, hata hivyo, hazitoshi. Data za JADE, jaribio la fizikia ya chembe la Hamburg, Ujerumani, zilizokusanywa kati ya 1979 na 1986, zilichambuliwa upya miaka ya 1990, lakini kwanza ilibidi programu kuukuu za kompyuta zifufuliwe.

Bonde la Ufa nalo lina hazina yake ya data. KRISP, mradi wa kimataifa wa kupima mitetemo ya ardhi, ulilipua baruti, nyingine ndani ya maziwa, ili kupima unene wa ukoko wa dunia chini ya Kenya. Nakala za vipimo hivyo, pamoja na maelezo ya mitambo iliyotumika, zinastahili kuwekwa pia katika vyuo vikuu vya Nairobi na Nakuru, mahali ambapo wanafunzi wa jiolojia wanaweza kuzifungua bila kuomba ruhusa ng'ambo.