MTOTO WA MFANYI KAZI SI KASUKU



Katika mashule mengi ya sekondari, na ya kwetu Migori na Homa Bay yamo, mtoto huamshwa alfajiri na mapema, huketi darasani mpaka usiku, kisha huambiwa kwamba amesoma. Chama kinasema: hakusoma, amekariri. Kusoma ni jambo jingine. Wazazi wanaolipa ada kwa jasho la miwa ya Awendo, samaki wa Mbita na dhahabu ya Macalder wana haki ya kulidai.

Tazameni mfano huu. Kijana wa Kidato cha Tatu anataja kanuni za hesabu bila kukosea hata neno. Mpeni karatasi ya malipo ya miwa ya baba yake. Tuseme ni tani 40 kwa shilingi 5,000 kila tani: jumla ni shilingi 200,000. Makato ya kukata, kubeba na mbolea ni 110,000. Mzee anastahili 90,000, lakini karatasi inasema 79,000. Je, kijana ataziona zile 11,000 zilizopotea? Je, atauliza zimekwenda wapi? Asipoona wala kuuliza, kanuni alizokariri hazimfai mwenye kukata miwa. Zamfaa mwenye kukata pesa.

Wako wasemao, "Kufikiri ni anasa ya watoto wa matajiri. Wetu wapasi mtihani kwanza." Maneno hayo tuliyasikia zamani. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki ikashauri Mwafrika apewe elimu ya kufaa maisha ya kijijini kwake: kilimo, usafi na kazi za mikono. Leo sisi wenyewe tuwapimie watoto wetu kwa kibaba kile kile? Hata kidogo! Tena, mtoto anayeelewa hupasi vizuri kuliko anayekariri, maana swali likigeuzwa kidogo tu kasuku hunyamaza.

Mkumbukeni ndugu Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga. Aliacha shule ya Mang'u kwa ukosefu wa ada, lakini alijua kujifunza peke yake, akaendelea na masomo kwa posta. Mwaka 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyi kazi wa Kenya. Aliwatetea wafanyi kazi mbele ya waajiri.

Serikali imekwisha kukubali jambo hili. Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 7 mwaka 2023, una nguzo saba. Moja ni kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Nyingine ni kujifunza namna ya kujifunza. Imeandikwa vizuri, lakini karatasi haifundishi mtu. Anayefundisha ni mwalimu, naye msimlaumu. Mwaka 2024 walimu wa mkataba wa sekondari ya msingi waligoma wakidai kazi ya kudumu. Mtu asiyejua kesho yake, mwenye darasa lililofurika, atapata wapi nafasi ya kusikiliza maswali ya kila mtoto?

Kwa hiyo chama kinadai:

1. Kila juma kiwepo kipindi cha namna ya kusoma. Mwanafunzi afunge kitabu aeleze somo kwa maneno yake. Alirudie baada ya siku mbili, kisha baada ya juma. Aandike makosa yake na sababu zake.

2. Mwanafunzi aulize bila kuchekwa wala kupigwa. Kuuliza si ujinga.

3. Watoto walale usingizi wa kutosha. Akili iliyochoka haishiki kitu.

4. Masomo ya likizo yakome. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayakataza. Fedha hizo zinunue vitabu.

5. Walimu wa kutosha waajiriwe, kwa kazi ya kudumu.

Ndugu, sheria hiyo hiyo inawapa wazazi viti sita katika halmashauri ya shule. Vinakaliwa na nani katika shule ya mtoto wako? Mkutano wa wazazi ukiitishwa, usitume salamu. Nenda mwenyewe, simama, uliza: "Mtoto wangu anafundishwa kufikiri siku gani, na saa ngapi?" Usiketi mpaka ujibiwe.

UMOJA NI NGUVU!