Kompyuta Iongee na Waya wa Stima: Uchague Kiunganishi Kipi?

Leo tuweke kando hifadhidata na tuongelee stima. Nimeulizwa mara kadhaa: mtu akitaka kompyuta yake iwashe na kuzima vitu vya nyumbani kupitia nyaya zilezile za umeme, anunue kiunganishi kipi? Nina msimamo wangu, na niseme mapema kwamba nimeulipia kwa maziwa ya ngamia.

Kwanza, kwa wasioifahamu teknolojia hii. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni mfumo wa X10. Wazo lenyewe ni rahisi. Wimbi la umeme hupanda na kushuka, na kila linapopita sifuri, mtambo hupenyeza mlio mfupi wa 120 kHz unaodumu milisekunde moja. Mlio ukiwepo ni moja, usipokuwepo ni sifuri. Moduli iliyochomekwa kwenye soketi husikiliza, na ikisikia anwani yake hutii. Kuna herufi 16 za nyumba na namba 16 za vifaa, kwa hiyo jumla ni anwani 256. Amri nzima huchukua mizunguko 47 ya umeme. Kwenye 50 Hz yetu hiyo ni karibu sekunde moja. Si kasi ya kujivunia, lakini taa haina haraka.

Msione ni mambo ya ajabu. Baadhi ya mita za tokeni hapa Kenya hutumia ndugu ya ujanja huohuo: kile kidude cha kubonyezea namba huchomekwa kwenye soketi ndani ya nyumba, kikaongea na mita iliyo juu ya nguzo kwa waya uleule wa stima.

Sasa turudi Elwak. Mji wetu ni mmoja wa ile ya kaskazini iliyojengewa kituo chake cha umeme wa dizeli, kikaongezewa sola. Hooyo ana duka, na dukani kuna friji ya maziwa na maji baridi. Nilitaka kumpunguzia matumizi ya tokeni: friji izimwe saa nne usiku, iwashwe tena saa saba, bila mtu kuamka.

Abti alipokuja kutoka Minneapolis aliniletea mfuko wa moduli za X10 na kiunganishi chake. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi! Nikachomeka ya kwanza kwa adapta ya plagi, nikasikia "pop", nikanusa harufu. Vifaa vya Marekani ni vya volti 120 na sisi tuna 240. Imeandikwa mgongoni kabisa. Mimi ndiye sikusoma. Na msidhani transfoma ya kushusha volti itamaliza kazi. Mlio wa 120 kHz hauvuki transfoma vizuri, kwa hiyo utaongea tu na vilivyo upande uleule wa transfoma.

Kanuni ya kwanza basi: angalia volti kabla ya kuangalia programu. Sisi tuna bahati moja, plagi ya Kenya ni ileile ya Uingereza na umeme unalingana. Toleo la Uingereza huingia moja kwa moja. Ndilo nililotafutiwa na binamu yangu baadaye.

Sasa viunganishi vyenyewe. Vinavyojulikana zaidi katika ukoo wa X10 ni vitatu.

CM17A, au FireCracker, ni kidogo kama kifuniko cha chupa na kilikuwa rahisi sana. Lakini hakigusi waya wa stima kabisa. Hutuma redio kwa kipokezi kilicho kwenye soketi, na kipokezi ndicho kinachoongea na waya. Kinasema tu, hakisikii. Isitoshe, hufanya kazi kwa kuchezesha nyaya za RTS na DTR za bandari ya siriali, na adapta za bei rahisi za USB hazizitendei haki nyaya hizo kila wakati.

CM11A hutumia siriali ya kawaida, kasi ya 4800. Husema na husikia. Ina kumbukumbu yake, saa yake na nafasi ya betri mbili ndogo, hivyo ratiba inaweza kukaa ndani yake na kompyuta ikazimwa. Na kubwa kuliko yote, X10 wenyewe walichapisha maelezo ya itifaki yake, baiti kwa baiti. Ndiyo maana programu kama Heyu kwenye Linux ipo.

CM15A ni ya USB, nayo husema na kusikia na ina kumbukumbu. Kwa laptopu za siku hizi zisizo na bandari ya siriali inaonekana ndiyo jibu. Ila maelezo yake hayakuwekwa wazi kama ya CM11A, na watu wa Linux ilibidi waichunguze wenyewe mpaka zikapatikana programu kama mochad.

Mimi nilichukua CM11 na adapta ya USB. Bado naamini sikukosea. Aliyekosea ni programu yangu.

Umeme ukikatika na kurudi, CM11A hutuma baiti 0xA5 kila sekunde mpaka kompyuta ijibu kwa kuipa saa. Imeandikwa wazi kwenye maelezo. Mimi nikaandika msimbo unaongoja 0x55 tu, yaani "niko tayari". Usiku mmoja stima ikapotea saa sita, ikarudi baada ya nusu saa. Laptopu ilikuwa kwenye betri yake, haikuzimika. Programu ikaona baiti isiyoijua ikakwama hapohapo. Saa saba ikapita. Saa moja asubuhi hooyo alifungua friji, maziwa yamechachuka yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii kompyuta yako ilikuwa inalala?" Nilitamani angenigombeza.

Siku hiyohiyo nilifanya mambo mawili: nikaongeza jibu la 0xA5, na ratiba ya friji nikaihamishia ndani ya kiunganishi chenyewe. Laptopu ikawa ya kubadilisha ratiba, si ya kuitekeleza.

Kuna tahadhari nyingine. Friji iendeshwe na moduli ya rilei inayobeba mzigo wake, kamwe si ile ya kufifiza taa. Soketi za kuzuia mshtuko wa umeme, UPS na chaja nyingi humeza mlio, basi usichomeke kiunganishi hapo. Usijidanganye pia kwamba kiunganishi kinachosikia kitakuambia kila kitu. Moduli nyingi za kawaida hazijibu. Na X10 haina nywila. Jirani wa laini moja mwenye herufi kama yako anaweza kukuzimia taa.

Wako watakaosema X10 ni ya wazee, tununue kitu kipya cha kisasa. Sawa. Lakini kumbukeni Insteon, iliyoanza mwaka 2005 kama mrithi wa X10, kwa waya na redio pamoja. Aprili 2022 kampuni ilifunga seva zake bila kuwaaga wateja. Waliotegemea seva waliachwa na nyumba bubu. Waliokuwa na modemu ya Insteon iliyounganishwa na kompyuta yao wenyewe, kwa programu yao wenyewe, waliendelea kuwasha taa kama jana. Juni mwaka huohuo kundi la watumiaji wenyewe liliinunua kampuni.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Usiulize kwanza kama ni USB au siriali, kipya au cha zamani. Uliza haya: ni cha volti yangu? Kinasikia au kinasema tu? Maelezo yake yako wazi? Stima ikikatika na intaneti ikalala, kitaendelea na kazi? Hata ukiacha waya na kununua rilei za Wi-Fi, maswali ni yaleyale. Kwa mji kama wetu, swali la mwisho ndilo la kwanza.

Friji ya hooyo inaendelea vizuri. Lakini kila asubuhi bado anaigusa kwanza kwa mkono kabla ya kuifungua, nami simlaumu.

Tuko pamoja.